Waziri wa Wapi? Namna ya Kusoma Wasifu wa Mwanasiasa wa Zanzibar

Kila Rais anapobadilisha safu ya mawaziri, vijiwe vya kahawa vya Unguja na Pemba hupata kazi ya wiki nzima. Orodha inazunguka kwenye simu, na kabla ya kikombe cha pili mabishano yameshapamba moto. Fulani kapanda au kashushwa? Yule si alikuwa mbunge, vipi leo ni waziri wa SMZ? Na huyu tulimpigia kura lini? Kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote anauliza swali ambalo lilitakiwa litangulie: waziri wa wapi?

Ukiwa Mwanza au Mbeya swali hilo halina maana. Serikali ni moja, na waziri ni waziri. Kwetu neno hilo peke yake halitoshi. Ni kama kumwambia mtu "nimepanda gari" pale Darajani. Gari ipi? 502 inakwenda Bububu, 505 inakwenda Uwanja wa Ndege, na ukikosea kusoma namba utashuka mbali na kwenu. Wasifu wa mwanasiasa wa Zanzibar unasomwa hivyo hivyo. Kuna namba mbili za kutazama kabla ya kubishana: yuko Serikali ipi, na ameingia kwa mlango upi.

Jimbo moja, waheshimiwa wawili

Tuanze na maneno yenyewe. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, SMZ, ina Rais wake, mawaziri wake na chombo chake cha kutunga sheria, yaani Baraza la Wawakilishi linalokutana Chukwani. Anayekaa humo ni Mwakilishi. Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nayo ina Rais, mawaziri na Bunge lake, Dodoma. Anayekaa humo ni Mbunge. Mzanzibari ana wawakilishi kote kuwili, na ndiyo sababu mpiga kura wa Wete hupewa karatasi tano siku za uchaguzi wakati mwenzake wa Tanga, ng'ambo tu ya maji, hupewa tatu. Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani husimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Rais wa Muungano na Mbunge husimamiwa na tume ya taifa.

Kwa hiyo kila moja kati ya majimbo yetu 50, yakiwa 32 Unguja na 18 Pemba, lina waheshimiwa wawili. Wote wawili hualikwa harusini, na kila mmoja ana mfuko wake wa maendeleo ya jimbo, wa Mbunge kutoka upande wa Muungano na wa Mwakilishi kutoka SMZ. Ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu kwa macho ya mwananchi wote wawili wanaleta matangi ya maji na mabati ya skuli. Lakini kwenye madaraka hawafanani hata kidogo. Mwakilishi akisimama Chukwani kuuliza kwa nini mabomba ya Mamlaka ya Maji, ZAWA, yamekauka, waziri wa maji aliye mbele yake ndiye mwenye ZAWA. Mbunge akiuliza swali hilo hilo Dodoma, waziri wa maji wa huko hana amri juu ya bomba hata moja la Micheweni.

Tofauti hiyo imetokana na orodha ya Mambo ya Muungano. Makubaliano ya Muungano ya Aprili 1964 yaliorodhesha mambo 11. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina mambo 22. Yaliyomo humo yanaongozwa na Muungano pande zote mbili, na yasiyokuwemo, kwa Zanzibar, ni ya SMZ.

Huna haja ya kuikariri orodha. Tembea nayo siku moja tu. Askari wa polisi aliyekusimamisha Mkunazini ni wa Muungano. Gari la zimamoto litakalokuja nyumba ikishika moto ni la SMZ. Pasipoti unaipata Uhamiaji, kwa hiyo Muungano, lakini kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni cha SMZ. Anayefungwa Bara anapelekwa Magereza. Anayefungwa hapa anapelekwa Chuo cha Mafunzo, na hilo si jina la kupamba, ni idara ya SMZ kama zilivyo KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na kikosi cha Valantia. Ualimu ndio unaoonesha mpaka ulivyo mwembamba. Mwalimu wa skuli ya Serikali ya Konde anaajiriwa na kulipwa na SMZ, lakini mwanafunzi wake wa kidato cha nne anafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo ni la Muungano. Mwanafunzi huyo huyo akifaulu na kuomba mkopo wa chuo, anakuta bodi mbili za mikopo, moja ya Muungano na moja ya Zanzibar.

Hata bandari. Kwenye orodha zimo, lakini gati ya Malindi na ya Mkoani zinaendeshwa na Shirika la Bandari la Zanzibar, lililo chini ya SMZ. Anayetaka mstari ulionyooka kabisa kati ya Serikali hizi mbili atauchora kwenye karatasi tu.

Aina tatu za mawaziri

Ukishaielewa orodha hiyo, utaona kwamba Mzanzibari anayeitwa waziri anaweza kuwa katika hali tatu, si mbili.

Ya kwanza ni waziri wa SMZ. Madaraka yake yanaanza Nungwi yanaishia Kizimkazi, na kwa Pemba kutoka Kigomasha hadi Mkoani. Anakaa kwenye Baraza la Mapinduzi, na hilo jina limewapotosha wengi. Vijana hudhani ni chombo cha kumbukumbu ya Januari 1964, cha wazee wa zamani. Sivyo. Ndilo baraza la mawaziri la Zanzibar la leo. Rais wa Zanzibar ndiye mwenyekiti wake na mawaziri wote ni wajumbe.

Ya pili ni waziri wa Muungano kwenye wizara ya jambo la Muungano, kama Ulinzi, Mambo ya Ndani au Mambo ya Nje. Huyu amri yake inafika kote, Kagera mpaka Kojani.

Ya tatu ndiyo inayozaa ugomvi: waziri wa Serikali ya Muungano kwenye wizara ambayo kazi yake si jambo la Muungano. Afya ya msingi, kilimo, maji, mifugo. Jina lake ni waziri wa Jamhuri ya Muungano, kiapo chake ni cha Jamhuri ya Muungano, lakini kazi yake inaishia ufukweni Bagamoyo. Mzanzibari anaweza kupewa wizara ya namna hiyo, na imeshatokea. Dk. Hussein Ali Mwinyi aliongoza Wizara ya Afya ya Muungano kuanzia 2012 hadi mapema 2014, akiwa Mbunge wa Kwahani, mjini Unguja. Ni daktari kwa taaluma, jimbo lake liko mwendo wa miguu kutoka Hospitali ya Mnazi Mmoja, na hakuwa na mamlaka ya kumhamisha hata muuguzi mmoja wa hospitali hiyo. Wapiga kura wake waliotarajia dawa ziongezeke Mnazi Mmoja kwa kuwa "mtu wetu ndiye waziri" walikuwa wamepanda gari sahihi la njia nyengine.

Kuna kituko kimoja cha Katiba ambacho watu wachache wanakijua. Rais wa Zanzibar mwenyewe ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Zamani alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa cheo chake. Mabadiliko ya 1994 yakaleta utaratibu wa mgombea mwenza, naye akabaki na kiti kwenye baraza la mawaziri. Kwa hiyo ndani ya chumba kile kuna mtu anayeongoza baraza lake la mawaziri huku nyumbani.

Milango

Katiba zote mbili zina sharti moja la msingi: waziri lazima awe mjumbe wa chombo cha kutunga sheria. Waziri wa SMZ atoke Baraza la Wawakilishi, waziri wa Muungano atoke Bungeni. Hapa hakuna kumchukua profesa chuoni au mfanyabiashara Darajani na kumkabidhi wizara moja kwa moja. Lakini milango ya kuingilia ni zaidi ya mmoja.

Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 50 wa majimbo. Juu yao kuna wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao ni asilimia 40 ya wajumbe wa majimbo, yaani 20. Rais wa Zanzibar anateua wengine 10. Mwanasheria Mkuu ni mjumbe kwa cheo chake. Upande wa Bunge kuna wabunge wa majimbo, viti maalumu, nafasi zisizozidi 10 za kuteuliwa na Rais wa Muungano, na wajumbe watano ambao Baraza la Wawakilishi linawachagua kutoka miongoni mwao kwenda Dodoma. Hao watano ndio pekee walio na kiti kote kuwili kwa wakati mmoja.

Nafasi za kuteuliwa ndizo zinazowakera watu vijiweni: "hakuchaguliwa, vipi anatuongoza?" Lakini ndizo daraja la wale ambao wamefanya kazi nje ya siasa za jimbo. Mkuu wa Mkoa, balozi, katibu mkuu, mkuu wa chuo: hawa wote Rais akitaka kuwafanya mawaziri, ama wagombee jimbo ama wapitie kwenye zile 10. Kwa hiyo ukisoma habari kwamba Rais amemteua fulani kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, usiitupe. Mara nyingi orodha ya mawaziri inafuata nyuma, na jina lile lile limo.

Mkuu wa Mkoa naye aelezwe, maana wengi humweka kwenye ngazi moja na waziri. Zanzibar ina mikoa mitano na wilaya 11. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano, na humwakilisha Rais mkoani. Chini yake wako wakuu wa wilaya, kisha masheha, viongozi wa shehia (mitaa na vijiji), ambao Mkuu wa Mkoa ndiye anayewateua. Hatungi sera ya elimu wala ya karafuu. Anahakikisha inatekelezwa, na yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu boti ikizama au kipindupindu kikizuka. Ni kazi ya miguu, na mwanasiasa aliyeipitia huwa anazijua shehia kwa majina. Hemed Suleiman Abdulla alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Kusini Pemba kabla ya kuwa Makamu wa Pili wa Rais mwaka 2020.

Makamu wawili na hesabu ya asilimia 10

Mpaka 2010 Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi. Utakikuta cheo hicho kwenye wasifu wa wazee: Maalim Seif Sharif Hamad alikishika 1984 hadi 1988, Dk. Omar Ali Juma 1988 hadi 1995, Dk. Mohamed Gharib Bilal 1995 hadi 2000, Shamsi Vuai Nahodha 2000 hadi 2010. Waziri Kiongozi hakuwa waziri wa kawaida aliyepewa jina zuri. Alikuwa msimamizi wa shughuli zote za Serikali barazani, karibu na anachofanya Waziri Mkuu Dodoma.

Kisha ikaja kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo, na Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar yakaleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uwaziri kiongozi ukafutwa. Kazi zake za barazani zikaenda kwa Makamu wa Pili wa Rais, anayetoka chama cha Rais. Makamu wa Kwanza ni kitu kipya kabisa: anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Kwa hiyo anayesema "Makamu wa Kwanza ni mkubwa kwa hiyo ndiye mwenye Serikali" amesoma namba bila ya kusoma kazi. Kwa itifaki anatangulia. Shughuli za kila siku za Serikali barazani ziko mikononi mwa wa Pili.

Nafasi hiyo ya kwanza ina kizingiti. Chama kilichoshika nafasi ya pili lazima kipate angalau asilimia 10 ya kura za urais. Uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, ambao chama kikuu cha upinzani wakati huo, CUF, kiliususia, mshindi wa pili alikuwa Hamad Rashid Mohamed wa chama kidogo cha ADC kwa asilimia 3 tu. Hesabu haikufika, na kwa miaka yote ile kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu. Dk. Shein, aliyekuwa Rais wa Zanzibar wakati huo, aliwaingiza wapinzani kwa mlango mwengine, ule wa uteuzi: Hamad Rashid akawa Waziri wa Kilimo, na viongozi wa vyama viwili vidogo wakawa Mawaziri wasio na Wizara Maalum.

Cheo hicho cha mwisho kinachekwa sana. Watu huuliza, waziri bila wizara anafanya nini, anasaini nini? Jibu ni kwamba anakaa Baraza la Mapinduzi na kura yake huko ni kura kama ya mwengine; Rais humpa kazi kwa kadiri ya haja. Binafsi naona ni cheo cha kisiasa zaidi kuliko cha kazi, lakini si cha bandia.

Desemba 2020 hesabu ilikuwa tofauti. Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alikuwa amepata karibu asilimia 20, na akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Alifariki 17 Februari 2021. Chama kile kile kikatoa mrithi, Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar hadi 2014. Mwezi Machi mwaka huo Nassor Ahmed Mazrui wa ACT akapewa Wizara ya Afya, naye akiingia barazani kwa uteuzi wa Rais. Waziri wa upinzani ndani ya serikali ya chama kingine si usaliti wala si hisani, ni matokeo ya kifungu.

Tusome wasifu halisi

Chukua wa Samia Suluhu Hassan, kwa kuwa amepita karibu kila mlango. Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalumu na akawa waziri wa SMZ aliyeshughulikia vijana, ajira, wanawake na watoto. Mwaka 2005 akarudi kwa viti maalumu tena, sasa utalii, biashara na uwekezaji. Mpaka hapo ni miaka 10 ya uwaziri na hajawahi kupigiwa kura jimboni. Anayedharau viti maalumu asome mstari huo mara mbili. Mwaka 2010 akabadilisha njia kabisa: aligombea ubunge wa Makunduchi, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80, na akawa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, anayeshughulikia Muungano. Aliyekuwa akijibu maswali Chukwani akawa anajibu Dodoma. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, 2015 Makamu wa Rais, na 19 Machi 2021 Rais.

Kipande cha mwisho kina sheria yake. Katiba inataka mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mgombea mwenza atoke upande wa pili. Wagombea wa CCM wa 1995 hadi 2015 walitoka Bara, kwa hiyo umakamu wa Rais wa Muungano ukawa ngazi ya juu ya kawaida kwa mwanasiasa wa Zanzibar: Omar Ali Juma na Bilal, wote wawili waliokuwa Mawaziri Viongozi, walifika hapo. Samia alipoingia Ikulu upande uligeuka, na makamu aliyemteua mwaka 2021, Philip Mpango, alitoka Bara.

Wa Hussein Mwinyi unakwenda kinyume. Alianza 2000 kama Mbunge wa Mkuranga, Mkoa wa Pwani, na Naibu Waziri wa Afya wa Muungano. Naam, Mkuranga: Mzanzibari anaweza kugombea ubunge Bara. Mwaka 2005 akahamia Kwahani. Akapita Ofisi ya Makamu wa Rais, Ulinzi mwaka 2008, Afya, kisha Ulinzi tena kuanzia Januari 2014. Miaka 20 yote hiyo hakuwa Mwakilishi wala waziri wa SMZ. Kisha Novemba 2020 akawa Rais wa Zanzibar. Ukisoma "alikuwa waziri miaka mingi" ukadhani aliongoza idara za hapa, umeusoma vibaya.

Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho, Pemba, alianza kwa mlango ambao wengi huudharau: aliteuliwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi 1995 na kuwa Naibu Waziri wa Afya wa SMZ. Jimbo la Mkanyageni alilipata 2000. Miezi michache baadaye, Julai 2001, Omar Ali Juma alifariki akiwa Makamu wa Rais, na Shein akachukua nafasi yake. Naibu waziri wa kuteuliwa hadi Makamu wa Rais wa Muungano, kwa muda usiofika miaka sita.

Na kuna Saada Mkuya Salum. Aliteuliwa Mbunge na Rais Kikwete 2012, akawa Naibu Waziri wa Fedha, kisha Waziri wa Fedha wa Muungano Januari 2014. Mwaka 2022 akawa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Fedha na Mipango wa Zanzibar. Fedha huko, fedha huku. Vijiweni ulisikia "kashushwa". Kupima hivyo ni kupima maji kwa futi. Wizara ya kwanza ni kubwa kwa bajeti na eneo, ya pili ilimweka katika chombo kinachoamua kila kitu kisichokuwa cha Muungano katika visiwa hivi, na Serikali hizi mbili si ghorofa mbili za nyumba moja.

"Waziri wa Nchi" si waziri mdogo

Cheo hicho kimewapotosha wengi, na kwa SMZ kinawahusu mawaziri wazito. Maana yake ni waziri ambaye wizara yake imewekwa chini ya ofisi ya Rais au ya Makamu badala ya kusimama peke yake. Fedha iko hivyo. Tawala za Mikoa, pamoja na zile KMKM na JKU, iko hivyo. Ni waziri kamili, mjumbe wa Baraza la Mapinduzi. Aliye chini ni Naibu Waziri: anajibu maswali barazani kwa niaba ya waziri wake, anakagua miradi, lakini si mjumbe wa baraza la mawaziri.

Kosa jengine ni kudhani waziri ndiye anayesaini hundi. Afisa masuuli wa wizara ni Katibu Mkuu. Fedha zikipotea, ndiye anayetakiwa kujibu kwanza mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Waziri anabeba sera na dhamana ya kisiasa. Dhamana hiyo inaweza kumwangukia hata kwa mambo ambayo hakuyafanya kwa mkono wake. Nahodha, baada ya uwaziri kiongozi, aliteuliwa Mbunge 2010, akapewa Mambo ya Ndani, kisha Ulinzi. Desemba 2013 uteuzi wake ulitenguliwa pamoja na wa mawaziri wengine watatu kwa sababu ya yaliyotokea kwenye Operesheni Tokomeza, iliyokuwa ya kupambana na ujangili. Na hapa ndipo pa kufuta uvumi mwengine: kutenguliwa uwaziri si kufukuzwa Bungeni. Kiti cha jimbo kinapotea kwa njia zake, ikiwemo kuacha au kufukuzwa chama, kwani mgombea binafsi haruhusiwi na kiti kinafuata chama.

Barua inakwenda kwa nani

Kwa mkaazi wa Pemba kuna cheo ambacho hakimo kwenye orodha zinazozunguka kwenye simu, na mara nyingi kina faida kuliko vyote. Mawaziri wa SMZ wana ofisi zao Unguja. Pemba wizara inasimamiwa na Afisa Mdhamini. Si mwanasiasa, hagombei, lakini ndiye mkono wa wizara kisiwani: walimu wamepungua, kituo cha afya hakina umeme, kibali cha ujenzi kimekwama, pa kuanzia ni mezani kwake.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Andika barua kwa Afisa Mdhamini wa wizara husika, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, na umwombe sheha aithibitishe kwa muhuri. Eleza shehia, tarehe tatizo lilipoanza, na kipi kimeshafanywa. Bakisha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki zikipita bila jibu, nakala hiyo mpe Mwakilishi wako, si Mbunge, na umwombe aigeuze kuwa swali la Baraza. Swali la msingi hujibiwa na wizara kwa maandishi yaliyotayarishwa, kisha Mwakilishi ana nafasi ya swali la nyongeza, na hapo ndipo waziri hawezi kusoma karatasi tu. Kipindi kizuri zaidi ni Mei na Juni, mawaziri wanapowasilisha bajeti za wizara zao kabla ya mwaka wa fedha kuanza 1 Julai, kwa sababu wakati huo waziri anahitaji fungu lake lipite.

Likiwa ni la polisi, uhamiaji au mtihani wa kidato cha nne, geuza bahasha: hilo ni la Mbunge.